Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Asomaye kwa Shida

Tarafa ya Busasamana iko kaskazini mwa wilaya ya Rubavu, katika eneo ambalo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa sehemu ya mkoa wa Gisenyi. Ni nchi ya udongo wa volkano, ya viazi, vitunguu na karoti, nayo inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Askari wengi wanaifahamu kwa sababu nyingine, maana ndiko yalikotokea mapigano ya mpakani ya Juni 2014. Lakini jambo linalozungumzwa leo halihusu mpaka. Linamhusu kijana wa huko, ambaye huenda akawa mtoto wa askari au wa polisi, aliyefaulu mitihani ya sekondari kwa jasho, akaingia chuo kikuu, na baada ya mihula miwili akajikuta yu mbioni kuondolewa masomoni. Si mvivu. Katika mjadala darasani huwashinda wenzake. Lakini kitabu ambacho mwenziwe hukimaliza kwa siku mbili, yeye humchukua wiki mbili, na katika mtihani saa hukatika kabla hajafika swali la tatu.

Kijana wa namna hiyo huenda ana hali iitwayo disleksia. Maana yake ni ugumu wa kudumu wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa kwa usahihi na kwa wepesi, pamoja na ugumu wa kuyaendeleza, ugumu usiolingana na mafunzo aliyopewa mtu. Si ugonjwa wa macho, wala haiondolewi kwa miwani. Si upungufu wa akili. Kiini chake, kwa kadiri wataalamu wengi wanavyokubaliana, kimo katika jinsi ubongo unavyozishughulikia sauti ndogondogo za lugha na kuzifunganisha na herufi. Hukadiriwa kuwapata watu kati ya 5 na 10 katika kila 100, kutegemea mstari wa kupimia umechorwa wapi. Aidha, hali hii hufuata ukoo. Mzazi mwenye disleksia ana uwezekano mkubwa kuliko mzazi mwingine wa kumzaa mtoto atakayepata shida hiyo hiyo, na kwa hiyo koplo ambaye miaka yote amemwomba rafiki yake amwandikie taarifa za zamu asishangae kuiona shida hiyo kwa mwanawe.

Habari zake si ngeni katika sayansi. Tarehe 7 Novemba 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza maelezo ya mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na mwenye afya, lakini hakuweza kusoma baada ya miaka mingi ya kufundishwa. Jina lake lilikuwa Percy. Alipoandika aliandika Precy. Wakati huo huo aliweza kuzidisha 749 kwa 867 haraka na bila kosa. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa wa kwanza shuleni. Siku zile hali hiyo iliitwa upofu wa maneno. Neno disleksia lenyewe lilikuwa limekwisha kutungwa mwaka 1887 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, ingawa yeye alilitumia kwa watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kwa sababu ya madhara katika ubongo.

Swali lililo wazi ni hili: imekuwaje kijana wa Busasamana apite shule ya msingi na sekondari bila mtu yeyote kugundua? Jibu moja linatoka katika lugha zenyewe. Kinyarwanda, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Herufi huwa na sauti yake, na mtoto akizijua silabi aweza kulisoma hata neno refu kama ntibazabyibagirwa, mradi apewe muda. Mwenye disleksia katika lugha ya namna hii hakosei sana, anachelewa tu. Na mtoto anayechelewa katika darasa lenye watoto wengi haonekani, hasa akiwa na tabia njema.

Mwaka 2001 wataalamu wakiongozwa na Eraldo Paulesu walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliolionyesha jambo hili waziwazi. Waliwalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma vizuri kuliko wenzao Wafaransa na Waingereza. Lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu ule ule, mahali pale pale, upande wa kushoto, kwa wote. Kwa maneno mengine, maandishi ya Kiitaliano yaliificha hali hiyo bila kuiondoa.

Sasa na uchukuliwe mfano wa mtoto aliyeanza darasa la kwanza nchini Rwanda mwaka 2012. Alisoma kwa Kinyarwanda miaka mitatu. Mwaka 2015, alipofika darasa la nne, masomo yote yalihamia Kiingereza kwa kufuata siasa ya elimu iliyokuwa imeamuliwa mwaka 2008. Huko alikutana na maneno kama though, through na cough, ambayo yote huishia kwa herufi zile zile nne za mwisho, o, u, g na h, na kila moja lina mlio wake. Wakubwa wake waliosomea Kifaransa walikuwa na taabu yao wenyewe: au, eau na haut, maandishi matatu, sauti moja. Mtoto mwenye disleksia akifika hapo huvunjika mguu katikati ya mwendo. Mwalimu naye husema, na hawezi kulaumiwa sana, kwamba mtoto hajui Kiingereza. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, mtoto huyo akiwa kidato cha tatu, na zilipofunguliwa tena kwa awamu tangu Novemba mwaka huo, kila mwenye kurudi nyuma alihesabiwa kuwa amerudishwa na Korona.

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe ya kupimwa. Watu wengi hudhani kwamba kumpima mtu disleksia ni kumpa karatasi asome na kuhesabu makosa. La hasha. Kazi ngumu ya mpimaji ni kutenganisha sababu. Je, huyu hasomi vizuri kwa kuwa hakufundishwa? Kwa kuwa lugha ya kitabu si lugha yake? Kwa kuwa haoni au hasikii vizuri? Kwa kuwa ana wasiwasi, au halali, au alikatizwa masomo na vita? Kwa askari wa makamo aliyerudi darasani swali hili la mwisho ni zito. Mtu aliyezaliwa Gisenyi mwaka 1986 alikuwa katika umri wa kuanza shule mwaka 1994, na alipokuwa na miaka 11 eneo hilo hilo likakumbwa na mapigano ya waasi ya mwaka 1997 na 1998. Kumwambia mtu huyo kwamba ana disleksia bila kumwuliza habari za utoto wake ni kumdhulumu. Na kumwambia kwamba hana, kwa kuwa tu alikosa shule, ni dhuluma nyingine.

Kwa hiyo upimaji ulio kamili huanza na mazungumzo marefu. Mpimaji huuliza mtu alianza kusema lini, alianza kusoma lini, kwa lugha gani, alirudia madarasa mangapi, na kama mzazi au ndugu ana shida kama hiyo. Hutaka kuziona ripoti za shule ya msingi. Hutaka cheti cha kupimwa macho na masikio. Baada ya hapo huja majaribio, ambayo kwa mtu mzima huweza kuchukua saa mbili au tatu, pengine kwa siku mbili ili asichoke.

Mtu husoma orodha ya maneno ya kawaida, kisha orodha ya maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, mfano wa tafugelo au munzikabo. Maneno haya ya kubuni ndiyo yenye kufichua zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona ili ayakumbuke kwa sura. Ni lazima yafunguliwe herufi kwa herufi. Msomaji aliyezoea kukisia hukwama hapo. Husomeshwa habari kwa saa mkononi, kwa sauti na kimya. Huambiwa aandike maneno anayotajiwa. Huambiwa atamke neno akiondoa sauti moja iliyomo ndani yake. Huonyeshwa safu za herufi, rangi au picha azitaje upesi iwezekanavyo, maana wepesi wa kutaja vitu vya kawaida hufuatana na wepesi wa kusoma. Hutajiwa tarakimu azirudie, kwanza kwa mpangilio wake, kisha kinyumenyume. Jaribio ambalo mtu wa mawasiliano jeshini angeliona kama mchezo. Mwishoni hupewa majaribio ya kufikiri yasiyohitaji kusoma, kama vile kupanga maumbo.

Anachotafuta mpimaji ni umbo la matokeo yote kwa pamoja. Mtu ambaye tatizo lake ni Kiingereza tu huonyesha taabu katika Kiingereza, lakini akipewa Kinyarwanda husoma kwa wepesi, na sauti huziondoa na kuzipanga bila shida. Mwenye disleksia huonyesha ulegevu ule ule katika lugha zote mbili, ijapokuwa katika Kinyarwanda huwa ni ulegevu wa mwendo zaidi kuliko wa makosa. Kwa sababu hiyo kumpima kijana wa Busasamana kwa Kiingereza peke yake ni kazi nusu, na ripoti itakayotoka humo haifai kuaminiwa sana hata ikiwa na mhuri mkubwa.

Kuna kisa cha kijeshi kinacholieleza jambo hili vizuri. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, jeshi lake liliandaa mitihani miwili ya kupima akili za askari wapya. Mmoja uliitwa Alfa, wa kusoma. Wa pili uliitwa Beta, wa picha na ishara, kwa ajili ya wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza. Askari wapatao 1,700,000 walipimwa. Wazo la mtihani wa Beta lilikuwa la busara: asiyesoma si lazima awe asiyefikiri. Lakini picha zenyewe zilikuwa za maisha ya Kimarekani. Askari alionyeshwa uwanja wa tenisi usio na wavu na gramafoni isiyo na pembe yake, akaambiwa aseme kinachokosekana. Mhamiaji aliyetoka shambani, ambaye hajaiona gramafoni tangu azaliwe, aliandikiwa kwamba akili yake ni ndogo.

Majaribio mengi ya disleksia yatumikayo leo yalitungwa na kusawazishwa kwa wasemaji wa Kiingereza wa Uingereza na Marekani. Ukisema kwamba mwanafunzi wa Rubavu amepata alama za chini kuliko watu 90 katika kila 100, hapana budi kuuliza: watu 100 wa wapi? Nchini Rwanda upimaji wa kusoma kwa Kinyarwanda umefanywa kwa wingi katika madarasa ya mwanzo, hasa tangu mwaka 2011, na mradi wa Soma Umenye wa mwaka 2016 hadi 2021 uliendeleza kazi hiyo. Hata hivyo vipimo hivyo vilikusudiwa watoto wadogo wanaoanza kusoma, wala si mwanafunzi wa uhandisi. Mpimaji mwaminifu atatumia alama za kigeni kwa tahadhari, ataeleza hivyo katika ripoti, na atategemea zaidi ulinganifu wa mtu na nafsi yake: anavyosikia na kufikiri, kwa upande mmoja, na anavyosoma na kuandika, kwa upande mwingine.

Kwa nini basi ripoti hiyo iwe na thamani? Kwa sababu chuo kikuu hakiwezi kumwongezea mtu muda wa mtihani kwa kuonea huruma. Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 15 Desemba 2008. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinazitaka nchi zihakikishe kwamba watu hao wanapata elimu ya juu kwa usawa na wengine, na kwamba wanafanyiwa marekebisho yanayostahili. Kabla ya hapo ilikuwapo Sheria Na. 01/2007 ya tarehe 20 Januari 2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2011 likaundwa kwa sheria Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2018 ikatolewa siasa iliyosahihishwa ya elimu maalumu na jumuishi.

Ugumu upo katika daraja. Agizo la waziri la mwaka 2009 liliwagawa watu wenye ulemavu katika madaraja kwa asilimia ya ulemavu wao, kama baraza la madaktari litakavyoona. Mguu uliokatika hupimika kwa njia hiyo, jicho pia. Kusoma polepole hakuna asilimia ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenye disleksia akienda kutafuta daraja la ulemavu aweza kurudi mikono mitupu, akadhani kwamba mlango umefungwa. Haujafungwa. Mambo haya ni mawili tofauti. Daraja la ulemavu hutazama hali ya mtu katika maisha yote. Marekebisho ya masomo hutazama kile anachokihitaji darasani na katika chumba cha mtihani, na ushahidi wake ni ripoti ya mtaalamu inayoeleza mahitaji hayo moja moja.

Njia ya kuifikia ripoti hiyo ni ya hatua kadhaa, nayo haina miujiza. Mwanafunzi huanza kwa ofisi inayoshughulikia maisha ya wanafunzi katika chuo chake, iwe ni Busogo au INES-Ruhengeri huko Musanze, ambako si mbali na Rubavu, au Huye au Kigali. Aandike barua, kwa maana neno la mdomo halina faili. Hospitali ya Gisenyi au nyingine yoyote yenye huduma hizo impime macho na masikio. Kisha amwone mwanasaikolojia wa kimatibabu aliyesajiliwa na baraza la taaluma za afya, na amwulize kabla ya kulipa chochote kama amewahi kupima kusoma kwa mtu mzima na kama atatumia Kinyarwanda. Si kila mwanasaikolojia anaifanya kazi hiyo, kama vile si kila fundi wa redio anavyoijua rada. Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoko Rukara wilayani Kayonza, kimekuwa kikifundisha walimu wa elimu maalumu na jumuishi, nacho ni mahali pa maana pa kuulizia. Askari na polisi walio katika Bima ya Afya ya Jeshi, MMI, waulize mapema ni sehemu gani ya upimaji inalipiwa, kwani uchunguzi wa macho na masikio ni jambo la kawaida la hospitali, lakini majaribio ya kusoma huenda yasihesabiwe hivyo.

Nchi jirani zinaonyesha kwamba jambo hili linatendeka bila utajiri mkubwa. Nchini Uganda, Baraza la Mitihani la Taifa limekuwa likiwataja wenye disleksia kwa jina hilo hilo miongoni mwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, likiwapa waandishi wa kuwaandikia majibu na dakika 45 za nyongeza katika karatasi. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nchini Kenya vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya elimu maalumu vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mtoto aliyepimwa mapema kwa njia hizo hufika chuo kikuu akiwa na karatasi mkononi.

Uingereza ndiko ambako mfumo umekomaa zaidi, na wapo vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma huko. Mwanafunzi wa England huweza kupata posho ya serikali ya wanafunzi wenye ulemavu akionyesha ripoti ya mwanasaikolojia au ya mwalimu mtaalamu mwenye kibali cha kupima. Zamani ripoti hiyo ilipaswa kuwa imefanywa baada ya kutimiza miaka 16. Tangu mwaka wa masomo wa 2019 hata ile ya utotoni ikakubaliwa. Mwanafunzi aliyetoka nchi za nje hana haki ya posho hiyo. Lakini Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakibana chuo chenyewe kimfanyie marekebisho yanayostahili, hata kama pasipoti yake ni ya Rwanda, na wengi hawalijui hilo. Na hata huko si haki tupu: upimaji hugharimu mamia ya pauni, hospitali za serikali hazilipi, na mtoto wa mwenye fedha hupimwa mapema kuliko mtoto wa mfagia barabara. Msomi Julian Elliott wa Chuo Kikuu cha Durham amelieleza hilo kwa ukali, akitia shaka hata neno disleksia lenyewe, kwa hoja kwamba kila asomaye kwa shida anastahili msaada, awe na jina la shida yake au asiwe nalo. Hoja yake ina uzito. Lakini mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani wa mwezi ujao hawezi kungoja wasomi wapatane.

Katika vikosi, ambako kila mtu hupimwa kwa kipimo kimoja na hapana apewaye bunduki nyepesi kwa kuomba, shaka ya kwanza huwa hii: je, muda wa nyongeza si upendeleo? Na je, mtu hawezi kujifanya? Kuhusu kujifanya, majaribio ni mengi na yanachungulia mahali mbalimbali, na si rahisi kwa mtu asiye mtaalamu kuyakosea yote kwa namna inayopatana. Anayeigiza kwa kawaida hukosea hata yale ambayo mwenye disleksia huyaweza. Ripoti za shule ya msingi nazo hazijifanyi. Kuhusu upendeleo, alama ya kufaulu haishushwi hata kwa nukta moja. Mwanafunzi hujibu maswali yale yale, na asiyejua hesabu za daraja hatazijua kwa kupewa robo saa zaidi. Kinachorekebishwa ni njia tu: muda wa nyongeza, ambao Uingereza huwa kwa kawaida robo ya muda wa mtihani, kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, ruhusa ya kurekodi mihadhara, maelezo ya somo kutolewa kabla ya kipindi, makosa ya tahajia kutohesabiwa pale ambapo tahajia siyo inayopimwa. Mengi ya hayo hayahitaji fedha. Simu ya kawaida ya kisasa yaweza kusoma ukurasa kwa sauti.

Bado kuna mipaka, nayo isemwe. Mtu atakayekuwa mwuguzi lazima asome kipimo cha dawa bila kukosea. Polisi anayeandika maelezo ya shahidi lazima aandike namba ya gari kama ilivyo, kwani tarakimu mbili zikipishana mtu asiye na hatia aweza kulala rumande. Ripoti nzuri ya upimaji haifichi jambo hilo. Huonyesha mahali penye hatari na kushauri namna ya kujikinga: kusoma namba kwa sauti, kuirudia kinyumenyume, kumpa mwenzi aithibitishe, kutumia fomu zenye visanduku badala ya maandishi ya kuelea. Kwa wale wanaosoma wakiwa kazini jambo hili si nadharia. Kadeti wa Gako wamesomea shahada kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Rwanda, na maofisa wa polisi wamesoma vivyo hivyo katika Chuo cha Taifa cha Polisi mjini Musanze. Baadhi ya watu hodari katika kazi za uwanjani huogopa kozi hizo kwa sababu moja tu, nayo ni karatasi.

Wakati ndio unaowaponza wengi. Mwanafunzi hungoja mpaka ashindwe mtihani mara ya pili, ndipo atafute mtaalamu, na mtaalamu naye ana orodha ya watu. Ripoti ikifika baada ya matokeo kutangazwa, kwa kawaida chuo huweza kuitumia kwa mitihani ijayo, wala si kwa iliyopita. Hali mkopo wa masomo, ambao nchini Rwanda umekuwa ukisimamiwa na Benki ya Maendeleo, BRD, hubaki kuwa deni la mwanafunzi, awe amehitimu au ameondolewa. Kwa hiyo barua ya kwanza kwa ofisi ya chuo yafaa iandikwe katika wiki za mwanzo za muhula wa kwanza, hata kama upimaji wenyewe utafanywa baadaye.

Na mzazi aliye kambini, mbali na Busasamana, ana sehemu yake ambayo haihitaji likizo. Ripoti za darasa la kwanza hadi la sita, zile ambazo kwa kawaida huishia katika sanduku chini ya kitanda au kuwashia moto, ndizo mpimaji atakazoziomba kwanza. Madaftari ya zamani ya imla yanafaa pia. Kama mzazi mwenyewe alipata shida ya kusoma, aandike ukurasa mmoja kueleza, au amwombe mwenzake amwandikie, akitaja darasa alilorudia na lugha aliyofundishiwa. Karatasi hizo ziwekwe katika bahasha moja pamoja na cheti cha macho na cha masikio, na nakala yake ibaki nyumbani.